Kufuatilia Ndege wa Pwani Wanaotaga kwa Kutumia Mashua: Mwongozo wa Msimu Mzima kutoka Mombasa

Membe, ndege weupe wa baharini wa pwani yetu, hutaga katika miezi ambayo nahodha mwenye busara angependelea kukaa barazani na kikombe chake cha kahawa. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huanza kuvuma Aprili, hukaza Juni na Julai, na ni katika miezi hiyohiyo ndege hao hukusanyika kwenye visiwa vidogo vya matumbawe ili kutaga na kulea makinda, kwa kawaida kati ya Juni na Oktoba. Anayetaka kuwafuatilia kwa mashua hawezi basi kupanga safari kwa kufuata nafasi zake za mwisho wa wiki. Atapanga kwa kufuata upepo, mwezi na maji, na atakubali kwamba safari moja kati ya tatu huenda ikaahirishwa. Mwongozo huu unamhusu mtu au kikundi cha kujitolea kilichoko Mombasa, chenye uwezo wa kukodi mashua ya faiba yenye injini, na kinachotaka kuleta takwimu zinazoweza kulinganishwa mwaka hadi mwaka.

Mwenyeji na mgeni

Ukisimama kando ya mkono wa bahari wa Tudor au Port Reitz mwezi wa Januari, maji yakiwa yamekupwa, utaona vitwitwi kwa makundi, na sululu wenye midomo iliyopinda wakidonoa matopeni. Karibu wote hao ni wageni. Viota vyao viko kaskazini ya mbali, wengine hadi Siberia, nao huondoka kwetu ifikapo Aprili au Mei. Kinachowachanganya wanaoanza ni kwamba baadhi yao, hasa wachanga ambao hawajafikia umri wa kuzaa, hubaki hapa kusi nzima. Kumwona sululu mwezi wa Julai si dalili ya kiota, na daftari lisiandikwe hivyo.

Kazi ya mashua inawahusu hasa ndege watatu. Wa kwanza ni membe-waridi (Sterna dougallii), mweupe, mwenye kofia nyeusi, nyuzi ndefu za mkia na kifua chenye rangi ya waridi hafifu sana, ambayo huonekana tu mwanga ukiwa mzuri. Mdomo wake huwa mweusi mwanzoni mwa msimu, kisha wekundu huanzia shinani na kuenea. Wa pili ni membe mwenye mgongo wa kahawia iliyoiva (Onychoprion anaethetus), ambaye paji lake jeupe hujichora mpaka nyuma ya jicho kama nyusi. Hao wawili hutaga Whale Island, kwenye mlango wa Mida Creek kule Watamu, na kwa upande wa kusini kisiwa cha Kisite, ndani ya hifadhi ya Kisite-Mpunguti, kinajulikana kwa membe-waridi. Wa tatu ni kitwitwi mwenye paji jeupe (Anarhynchus marginatus, zamani Charadrius marginatus), ambaye hataki kisiwa. Yeye hutaga kwenye mchanga mkavu wa ufuo na ndimi za mchanga, mahali palepale ambapo watu hupenda kutembea.

Suala la majina lisipuuzwe. Mabaharia wengi huita membe kila ndege mweupe wa baharini, na wengine humwita shakwe yuleyule. Kabla ya safari ya kwanza, kaeni pamoja na picha mkononi mkubaliane neno moja kwa kila ndege, na jina la kisayansi liandikwe kando yake. Nimewahi kupoteza hesabu ya siku nzima kwa sababu mwandishi na mtazamaji walikuwa wakisema "membe" kila mmoja na ndege wake.

Karatasi kwanza, mashua baadaye

Miezi ya Machi hadi Mei, masika yakinyesha na bahari ikiwa imechafuka, ndiyo ya kushughulikia vibali. Utafiti wa wanyamapori nchini unasimamiwa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Kwa kazi ya kitafiti utahitaji leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI) na idhini ya Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori (WRTI), na ndani ya hifadhi ya bahari utahitaji pia ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Kwa Kisite, ofisi ya kuiendea iko Shimoni. Usidhani kwamba tiketi ya mtalii inatosha kwa sababu hukusudii kushuka; mashua inayozunguka kisiwa polepole na watu wenye darubini huulizwa maswali, na ni haki iulizwe.

Baada ya serikali, nenda kwa wenye ufuo. Kamati ya usimamizi wa ufuo, ambayo kila mtu huiita BMU, inawajua wavuvi wanaopita karibu na kisiwa kila siku, na wavuvi hao huona mambo ambayo wewe hutayaona kwa safari zako chache. Waeleze kwamba hukuja kuwafungia bahari. Mzee mmoja wa Shimoni alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama mayai hayo nitayala, na alipojua siyali ndipo aliponieleza upande gani wa kisiwa ndege hutangulia kutua.

Chombo na watu wake

Mashua ya faiba ya mita saba au nane yenye kina kifupi ndiyo inayofaa. Chombo kikubwa hakiwezi kupita juu ya miamba, na ngalawa, japo kimya chake kinapendeza, haitakuvumilia ukitaka kusimama palepale huku kusi likikusukuma. Hakikisha chombo kina leseni halali, jaketi za kujiokolea ni sawa na idadi ya watu na zinavaliwa badala ya kukaliwa, na kuna injini ya akiba au angalau makasia mawili ya kweli. Petroli igawe mafungu matatu: fungu la kwenda, fungu la kurudi, na fungu lisiloguswa. Kurudi Shimoni au Mtwapa dhidi ya upepo wa adhuhuri hunywa mafuta kuliko ulivyopiga hesabu asubuhi.

Watu wanne wanatosha: nahodha, watazamaji wawili na mwandishi. Mwandishi hatazami, anaandika, anashika saa, na anawaambia watazamaji wanyamaze wanapoanza kubishana. Darubini iwe ya ukuzaji wa mara nane, au kumi kwa shida, kwa sababu inayokuza zaidi ya hapo hukuza na mtikisiko wa mawimbi pia, na darubini ya miguu mitatu haina kazi ndani ya mashua. Daftari liwe la karatasi isiyolowa na penseli zifungwe kamba, maana simu hulowa, kalamu za wino hugoma, na penseli ikianguka majini haiulizwi.

Kuchagua siku: mwezi kabla ya kalenda

Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika Kilindini, bandari ya Mombasa, wakati wa bamvua hukaribia mita nne, na wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, huwa ndogo sana. Jambo lenye manufaa zaidi kwetu ni saa. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, na hapo miamba yote inayozunguka kisiwa huwa nje. Mashua hukaa mbali, ndege wametawanyika kuvua, na hesabu haina maana. Siku za mafu mambo hugeuka, maji yakawa yamejaa karibu na saa hizohizo za asubuhi, mikondo ikiwa dhaifu. Kwa hiyo siku zetu ni ya nane hadi ya kumi tangu mwezi kuandama, na ya ishirini na mbili hadi ya ishirini na nne. Nahodha anayefuata miandamo atakutajia siku hizo bila kufungua jedwali lolote, lakini jedwali la maji lichapishwe na libebwe hata hivyo, kwa kuwa saa kamili itaandikwa katika fomu.

Juu ya mwezi weka upepo. Tazama utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa jioni ya kuamkia safari, kisha mpigie nahodha alfajiri. La nahodha ndilo la mwisho. Kusi huwa na usingizi kidogo asubuhi na huamka kadiri jua linavyopanda, hivyo kikosi kinachotoka Mombasa kwa barabara kinapaswa kuvuka feri ya Likoni kukiwa bado na giza ili kiwe majini Shimoni saa moja na nusu. Kama hilo ni gumu, laleni Shimoni. Nimeona vikosi vikifika saa nne, vikakuta bahari imeshachafuka, navyo vikatoka tu kwa kuwa gari lilikuwa limekwisha kulipiwa.

Ratiba ya msimu

Safari mbili za Juni ni za kuangalia kama ndege wamefika na wanakaa upande gani. Dalili ya kutafuta ni dume anayeruka juu ya kisiwa na samaki mdomoni bila kummeza. Huyo anamchumbia jike kwa chakula, na kiota hakiko mbali. Kuanzia pale utakapoona ndege wa kwanza wamelala chini na kutulia, safari ziwe kila baada ya takriban wiki mbili, kutegemea mafu yanavyoangukia.

Hapa hesabu ya siku inakusaidia sana. Membe-waridi hulalia mayai, moja au mawili, kwa takriban siku 23, na kinda huweza kuruka baada ya takriban siku 27 tangu kuanguliwa. Tuseme umeona ndege wa kwanza wametulia tarehe 20 Julai: tarajia makinda karibu na tarehe 12 Agosti, na wa kwanza kuruka karibu na tarehe 8 Septemba. Ukijua hivyo utaona kwamba safari isiyokubali kukosekana ni ya wiki ya mwisho ya kulalia, kwa kuwa ndiyo hutoa idadi ya viota, pamoja na ile ya siku chache kabla ya makinda kuanza kuruka, ambayo hutoa mavuno ya msimu, yaani idadi ya makinda. Kama fedha ni za safari mbili tu, ziwe hizo mbili. Membe wa mgongo wa kahawia yeye ana yai moja, hulilalia karibu mwezi mzima, na kinda lake hukaa karibu miezi miwili kabla ya kuruka, kwa hiyo safari zinazomhusu huendelea hadi Oktoba.

Kukaribia kisiwa na kuhesabu

Punguzeni mwendo mkiwa bado mbali, kama mita mia tano, na msiende moja kwa moja kuelekea ndege. Mashua inayokuja kwa ubavu huwatisha kidogo kuliko ile inayowaelekezea omo, yaani mbele ya chombo. Sisi huanza kuhesabu kwenye umbali wa mita 200 na hatupiti mita 100. Hata hivyo mpaka wa kweli anauweka ndege mwenyewe. Ndege aliyelala akiinua shingo, mmekaribia vya kutosha; wakianza kusimama, mmekwisha kupita, rudini nyuma bila kuvuta injini kwa nguvu. Mara nyingine kundi zima huinuka kwa pamoja, kimya, likazunguka juu ya maji na kurudi bila sababu inayoonekana. Hiyo ni kawaida yao mwanzoni mwa msimu. Likitokea mara ya pili mkiwa hapo, chukulieni kwamba sababu ni ninyi.

Kusi linatoka kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo upande uliokingwa ni wa kaskazini na kaskazini-magharibi. Anzeni huko. Mkizima injini upande huo, upepo utawasukuma mbali na kisiwa, na kosa lolote litawapeleka kwenye maji marefu. Upande wa kusini injini haizimwi hata kwa dakika moja, kwa sababu upepo huohuo utawapandisha mwambani huku watazamaji wote wamebanana kwenye darubini. Jua nalo, kwa bahati njema, linakubaliana na mpango huu: mwezi wa Julai jua letu liko kaskazini, na kadiri linavyopanda ndivyo linavyohamia nyuma ya mabega ya aliye upande wa kaskazini na kumwangazia ndege usoni.

Gaweni kisiwa vipande kwa alama zisizohama, kama mwamba uliochomoza, kichaka au jabali lenye ufa, na mchore ramani ndogo itakayotumika msimu mzima. Kila kipande kihesabiwe mara tatu na kila mtazamaji peke yake, bila kutajiana idadi, mwandishi akinong'onezwa. Hesabuni ndege waliolala chini wametulia kama viota vinavyoonekana kukaliwa, na waliosimama waandikwe safu nyingine. Ikiwa mtazamaji mmoja amepata 212, 230 na 218 katika kipande kimoja, zote tatu huandikwa pamoja na wastani wake wa 220. Usifute ile ya 230 kwa kuwa inaonekana kubwa. Tofauti baina ya hesabu ndiyo itakayomwambia anayesoma baadaye namba zako zinaaminika kiasi gani. Malizieni kwa picha zinazopishana pembeni, kutoka mwanzo wa kisiwa hadi mwisho, kwani picha huhesabika nyumbani mahali pasipoyumba.

Njia hii haimtoshi membe wa mgongo wa kahawia. Yeye hutaga ndani ya nyufa na chini ya vichaka, na unayemwona juu ya jabali huenda ni mmoja tu wa jozi. Hesabu yake kutoka mashuani iandikwe kuwa idadi ya ndege walioonekana, kamwe isiitwe idadi ya viota. Makinda ya membe-waridi nayo hujificha yakikua, na hapo mtazamaji mzuri huacha kutafuta kinda akaanza kuhesabu wazazi wanaoingia na samaki katika muda wa dakika kumi na tano.

Kitwitwi wa mchangani

Huyu hutaga mayai mawili au matatu katika kishimo kidogo kisicho na chochote, na akiondoka kwa utulivu huyafukia nusu kwa mchanga. Neno ni utulivu. Akishtuliwa ghafla huondoka bila kuyafunika, na mchanga wa ufuo wetu saa sita mchana unaunguza nyayo; yai lililoachwa wazi hapo haliharibiwi na baridi, linaharibiwa na jua. Adui wa pili ni kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa ameijaza Mombasa.

Somo hilo nililipata kwa aibu. Tulishuka kwenye ulimi wa mchanga kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, watu watatu, tukitafuta kiota ambacho tulikuwa tumekwisha kukiona vizuri kutoka mashuani. Tukakipata, tukapiga picha, tukarudi chomboni tukifurahi. Kunguru wawili walikuwa wamekaa juu ya mti uliosukumwa na maji, na hatukuwajali. Mashua haijageuka bado mmoja akashuka, akafuata nyayo zetu hatua kwa hatua kama anayesoma, akafika mwisho wake, akainama. Kitwitwi alibaki akikimbia huku na huko ameburuza bawa.

Tangu siku hiyo hatushuki. Mashua husimama nje ya mstari wa mawimbi maji yakiwa yamejaa, mtazamaji hutafuta ndege mmoja anayekimbia, kusimama, kukimbia tena na kulala mahali palepale, na hapo husomwa pembe kwa dira na umbali kwa makadirio. Mahali papatikane kwa usahihi wa mita ishirini tu. Anayehitaji zaidi ya hapo ni kunguru. Kitwitwi hana msimu mmoja mkali kama membe, kwa hiyo fuo zake zitazamwe katika kila safari. Vifaranga vyake hutoka kiotani mapema baada ya kuanguliwa, na kiota kitupu siku hizo si lazima kiwe kilichoibwa. Tafuteni vipira vya manyoya vinavyokimbia ukingoni mwa maji.

Ikiwa kibali chenu kinaruhusu kushuka kisiwani na kuna sababu ya kitafiti isiyoepukika, iwe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na nusu alasiri, pamoja na askari wa hifadhi, kwa dakika zilizopangwa na kupimwa na mtu aliyebaki mashuani. Ndege mfu asishikwe kwa mikono mitupu. Mafua ya ndege yameua membe wengi katika sehemu mbalimbali za dunia tangu 2022. Pigeni picha, hesabuni, kisha mtoe taarifa kwa KWS na ofisi ya mifugo.

Fomu na kinachofuata

Kila safari iwe na fomu yake, hata iliyovunjika njiani. Andikeni tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, saa ya maji kujaa, upepo na hali ya mawimbi, majina ya watazamaji, umbali wa karibu zaidi mliofika, hesabu zote bila kuzirembesha, na usumbufu wowote mlioukuta: mashua ya watalii iliyosogea mno, nyayo za watu, maganda ya mayai, kunguru. Namba zihamishiwe kwenye kompyuta usiku uleule, mwandishi akisoma na mwingine akichapa. Ukingoja Jumamosi, hakuna atakayekumbuka ile "7" ilikuwa "1" iliyolowa.

Kuhusu kuzitoa hadharani, orodha za kawaida za ndege mlizopata njiani zinafaa kuingizwa katika Kenya Bird Map, ramani ya mtandaoni ya ndege wa Kenya, na nakala ya takwimu za viota ipelekwe KWS na kwa waliotoa vibali. Mahali hasa pa viota, hasa vya kitwitwi, pasiwekwe mtandaoni wala kwenye kundi la WhatsApp wakati msimu unaendelea, maana bado wapo wanaookota mayai. BMU warudishieni matokeo kwa mdomo, ufuoni, kabla ya kuyaandika popote.

Safari ya mwisho ifanywe Novemba, kusi likiwa limekatika na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, halijashika, hata kama mnajua kisiwa ni kitupu. Zungukeni kwa njia ileile, simameni kwenye alama zilezile, na katika kila kipande ambacho hamkuona ndege aliyelala andikeni 0. Safu iliyoachwa wazi haitamwambia mwenzenu wa mwaka ujao kama ndege hawakuwepo au ninyi ndio hamkufika.